Mwaka wa Maini na Udi

Sijawahi kuwa na upungufu wa damu. Naliandika hili mwanzoni kabisa, kabla sijapata nafasi ya kubadilisha nia, kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini nimekula maini kwa ajili ya uongo huo. Maini ya kukaanga, maini ya mchuzi wa nazi, maini yaliyochomwa mpaka yakawa soli ya kiatu, katika nyumba za Walthamstow, Ilford na Barking, kwa akina mama ambao wakiniona mlangoni tu huitana jikoni kwamba yule mtoto asiye na damu kafika. Siyapendi maini na sijapata kuyapenda. Nimeyala kwa utiifu wa mtu anayetumikia kifungo. Ukweli ni kwamba mwaka ule niliopotea machoni pa watu, mwaka ambao Wazanzibari wenzangu wa London wanaukumbuka kuwa ndio niliougua damu, nilikuwa nikitibiwa na daktari wa maradhi ya akili, kwa vidonge vya maradhi ya akili, kwa kuwa niliamini, kwa yakini ile ile ninayolijulia jina langu, kwamba mwili wangu unatoa uvundo ambao kila mtu anausikia. Nimelikana jambo hili mbele ya mume wangu wa zamani, mbele ya wahariri wangu, na mara moja mbele ya mama mmoja niliyekaa naye kwenye chumba cha kusubiria cha kliniki ile ile, ambaye nilimwambia kwamba mimi nimemsindikiza mtu.

Nisingelisema hata sasa kama Shangazi Zuhura asingefariki. Khitma yake tuliisoma nyumbani kwa binti yake Salma, huko Ilford, sebule nzima imetandikwa mashuka meupe, viatu vimejaa kwenye korido mpaka mlango haufungi. Tulipomaliza kusoma sinia zikaja, na bibi mmoja aliyekaa kando yangu, ambaye mimi nimezeeka na yeye hajazeeka, akachambua sinia kwa vidole mpaka akapata kipande anachokitaka, akakiweka upande wangu. "Kula," akasema. "Damu haiji kwa kuandika vitabu." Wanawake wakacheka. Mmoja akauliza kama bado ninameza vile vidonge vya chuma. Nikasema siku hizi sijambo. Upande wa pili wa sebule Salma, ambaye ni mtu mzima sasa na ana watoto wanaomjibu kwa Kiingereza kama alivyokuwa akimjibu mama yake, alikuwa ameuma pindo la mtandio wake na mabega yanamtikisika kwa kicheko. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayejua kisa chote. Kisha akaingia jikoni, akatoka na chetezo cha udi cha mama yake, kile cha udongo chenye ufa uliozibwa kwa waya, akanikabidhi mimi niwafukize wageni. Nikazunguka sebule nzima na moshi ule mkononi, wanawake wananyanyua pindo za nguo, wanainamisha vichwa, na nikiwa nusu ya mzunguko nikajua kwamba lazima niandike.

Habari za wazazi wangu na kwa nini nilikuja Uingereza haziingii hapa. Inatosha kujua kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika chuo kimoja katikati ya jiji, na ninakaa Walthamstow kwa dada yake baba. Shangazi alikuwa mjane. Alifanya kazi ofisi ya nyumba za kaunsili, halmashauri ya mji, na kazi ile ilimfaa, maana alikuwa hajui kumung'unya maneno. Mgeni akileta pilau, Shangazi atalionja na kusema mbele ya aliyelipika kwamba chumvi imesahauliwa. Bibi harusi akiuliza nguo imemkaaje, atajibiwa. Watu walimwogopa na hawakosi kuja kwake kila Jumamosi, kwa sababu neno lake jema lilikuwa jema kweli. Mimi nilipewa chumba kidogo cha juu, kile cha juu ya mlango wa mbele, ambamo kitanda kinagusa kabati na kabati linagusa dirisha, na kabati lenyewe nusu lilikuwa na masanduku yake ya safari. Nilikipenda chumba kile. Baadaye nikakipenda kupita kiasi.

Siwezi kusema ilianza siku gani, lakini najua ilianzia kwenye treni. Walthamstow ndio mwisho wa reli, kwa hiyo asubuhi treni huanza tupu, na mimi nilizoea kukaa kiti cha pembeni na kutazama watu wakijaza viti kituo baada ya kituo. Asubuhi moja nikaona kwamba viti vyote vimejaa isipokuwa cha kando yangu. Mwanamume mmoja alikitazama, akanitazama mimi, akabaki amesimama. Mwanamke wa mbele yangu akajipangusa pua. Mtu mwingine angefikiri kwamba mwanamume yule anashuka kituo kinachofuata na mwanamke yule ana mafua. Mimi nilihisi kitu kinanishuka tumboni kama nimemeza barafu, na tangu siku ile nikipanda treni nikawa sisafiri tena, nakusanya ushahidi. Kila aliyekohoa alikuwa shahidi. Kila aliyefungua dirisha la maktaba alikuwa shahidi. Nawaomba mtafakari jiji nililochagua kuugulia maradhi haya: London kuanzia Oktoba hadi Machi hakuna asiyevuta kamasi. Ningekuwa Unguja labda ningepata nafuu hata ya msimu.

Nilioga kabla ya kwenda chuo, nilioga nikirudi, na nilioga katikati kama kulikuwa na nafasi, mpaka Shangazi akaanza kusimama chini ya ngazi na kuuliza kwa sauti ya upole kama maji ya moto yamebaki ya kuoshea sahani. Nilijipaka shabu na ndimu kwapani mpaka ngozi ikachanika. Niliacha vitunguu maji, vitunguu thomu na samaki. Nilinunua dukani dawa ile ya kuulia vijidudu, ya rangi ya kahawia, inayogeuka maziwa ikiguswa na maji, ambayo kila mtu aliyekulia kwetu ameoshewa nayo goti lililochubuka, nikaitia kwenye ndoo na kujimwagia mwili mzima, kisha nikaisugulia nguo za ndani. Chupa nilizificha nyuma ya masanduku ya Shangazi. Mahali pekee niliposikia raha katika nyumba ile ni jikoni, siku ambayo Shangazi anachemsha papa mkavu aliyeletwa na mtu kutoka Unguja ndani ya sanduku, kazungushiwa gazeti na mifuko mitatu. Papa akichemka, nyumba nzima, na nadhani nyumba ya jirani pia, ilikuwa ikinuka papa, na hakuna mtu ambaye angeweza kuitambua harufu yangu. Nilikuwa nakwenda kukaa juu ya kigoda karibu na jiko, mimi nisiyekula samaki tena, navuta pumzi. Shangazi alidhani nimekumbuka kwetu. Sokoni vilevile, nilikuwa nikisimama mbele ya meza ya muuza samaki kwa muda ambao haukuwa na adabu, na mzee yule alikuwa akiniuliza nataka nini, nami nasema nafikiri.

Lakini ushahidi ulionimaliza ulitoka kwa Shangazi mwenyewe. Kwetu sisi hakuna anayemwambia mtu kwamba ananuka. Ni aibu kubwa kuliko kumwambia mwizi kwamba ni mwizi. Kinacholetwa ni udi. Jumamosi wageni wakikaribia kuondoka Shangazi huwasha kaa, huweka udi, na chetezo hupita kwa kila mtu kwa zamu, ni heshima na ni kwaheri. Hilo halikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba majira yale ya baridi alianza kunisubiri mimi peke yangu, asubuhi, kwenye korido, na chetezo kimeshawashwa. "Simama," huniambia, nami husimama na koti langu na begi la vitabu, yeye akanizungushia moshi miguuni, akanipandisha mpaka kwenye nywele, akaninyanyua mikono kama polisi, bila neno. Salma alikuwa akipita pembeni yetu kwenda skuli, na yeye hakufukizwa. Nilimtazama Shangazi usoni nikitafuta la kusoma na yeye akawa anatazama ukuta. Mwanamke anayeweza kumwambia shekhe kwamba mahubiri yake ni marefu, kwangu mimi alikuwa kimya. Nikajua ni kwa sababu jambo lenyewe halisemeki.

Salma alikuwa na miaka kumi na sita na hakuogopa kitu. Nilimwambia yeye kwa sababu siku moja nilirudi nyumbani kutoka stesheni bila kupanda treni. Nilikuwa nimesimama pale jukwaani tangu asubuhi, treni zinakuja tupu na kuondoka na watu, na kila inayokuja najiambia nitapanda hii. Sikuweza. Niliwaza watu wote waliomo ndani ya yale mabehewa na jinsi siku yao itakavyoharibika, na baada ya kuwaza hivyo kwa muda mrefu nikawaza, kwa utulivu ambao mpaka leo unanitisha, kwamba njia safi kuliko zote ni mimi kutokuwepo. Mfanyakazi wa stesheni akanisogelea kuniuliza kama niko salama. Nikaona amesimama mbali kidogo. Nikarudi nyumbani, nikajifunika blanketi, na Salma alipotoka skuli akanikuta hivyo. Nilimwambia yote nikiwa nimefunika mdomo. Alinisikiliza, kisha akapanda kitandani na viatu vyake, akanisukumia pua shingoni, akaninusa kama paka anavyonusa kiti kipya. Akasema kwa Kiingereza, kama alivyosema kila kitu, kwamba sina uvundo wowote, nanukia kama hospitali tu, na kwamba ninahitaji kuonana na mtu. Ningekuwa mzima ningesikia hiyo sentensi yote. Nilichosikia mimi ni kwamba mtoto ana huruma, na kwamba hospitali ni mahali panaponuka maradhi.

Alikubali kumficha mama yake habari ya harufu, kwa sharti kwamba atamwambia kuwa silali, sili na nalia. Shangazi akafanya kama ambavyo mtu wa rika lake angefanya: akanipeleka Barking kwa mwalimu mmoja anayesomea watu dua. Nilikaa kwenye zulia la nyumba yake mbali kadiri ukuta ulivyoruhusu. Mwalimu akanisomea kwa sauti nzuri, akanipa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, ninywe, akanitazama nikiyanywa, kisha akamgeukia Shangazi akamwambia kwamba huyu hana jini wala hasadi, ana maradhi, apelekwe hospitali, na dua yeye ataendelea nayo hapo hapo Barking. Nimekutana na wasomi wengi tangu wakati huo ambao hawajui mpaka wa kazi yao kama mwalimu yule alivyoujua. Daktari wetu wa mtaa, ambaye nilikuwa nimeshamwendea kwa meno, kwa ngozi, kwa tumbo na kwa mambo ya kike, na ambaye kila kipimo chake kilirudi safi na kunihuzunisha, alikuwa ameshataka kunipeleka kwa mtaalamu wa akili nikamkatalia. Safari hii nikakubali, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, wala si kwa kuwa niliamini.

Mtaalamu yule alikuwa Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mzee mwembamba mwenye sweta iliyotatuka kiwiko. Alipojua mimi ni wa Unguja alifurahi kuliko hali yangu ilivyostahili, akaanza kunisemesha Kiswahili cha dukani kwa baba yake, Kiswahili ambacho mtihani wa skuli yetu ungekipiga mstari mwekundu kutoka juu mpaka chini. Nilimweleza kila kitu na kumwekea hoja zangu moja baada ya nyingine, maana nilikuwa msomi, na wazimu wa msomi huja na tanbihi. Nilimaliza kwa kumwambia kwamba hata yeye amekisogeza kiti chake nilipoingia. Akakitazama kiti. Akasema, "Mimi hapana bishana na pua yako. Bishana na pua ya mtu ni kazi ya bure." Kisha akahamia Kiingereza, akanieleza taratibu kwamba kuna watu wengi kama mimi, ingawa kila mmoja hudhani yuko peke yake, na kwamba kuna dawa. Haitaondoa harufu, akasema. Kama harufu ipo, nitameza dawa na harufu itabaki pale pale, sitakuwa nimepoteza kitu. Dawa ni ya ile hofu. Akanipa sharti moja: nisimuulize mtu yeyote kama nanuka, kwa sababu kila jibu ni chakula cha maradhi, likiwa zuri au likiwa baya.

Kidonge chenyewe kilikuwa kidogo kiasi cha kunitukana. Nilisoma maelezo ndani ya boksi na kukuta ni dawa ya watu wanaosikia sauti. Sikuwa nasikia sauti. Nilikuwa nasikia pua. Shangazi naye alisoma, akiwa amevaa miwani na kukaa mbele yangu kwenye meza ya jikoni, na nilipoona midomo yake imefika kwenye neno lenyewe nikatazama chini. Hakuuliza nini hasa kinanisumbua. Aliikunja karatasi vizuri, akairudisha, akasema, "Kwa watu utasema damu. Kichwa hakisemwi. Damu kila mtu anayo." Na siku ya Jumamosi, kabla mgeni wa kwanza hajakaa, habari ilikuwa imeshatangazwa, na Jumamosi iliyofuata maini yakaanza kuingia. Sikumlaumu. Alikuwa anafunika chungu kisichafuke, ndivyo alivyofundishwa, na mimi niliishi chini ya kifuniko hicho miaka yote hii bila kulazimishwa na mtu.

Wanaosubiri nieleze jinsi dawa ilivyoniamsha kama mtu aliyemwagiwa maji, niwaombe radhi. Kwanza ilinilaza. Nilisinzia darasani, nilisinzia kwenye sijida mpaka Salma akanigusa kwa kidole cha mguu kuhakikisha kwamba nipo hai. Mdomo ulikauka, goti likawa linachezacheza lenyewe. Kisha ikaja njaa, njaa ya aibu, ya kufungua friji na kula ubwabwa wa jana nikiwa nimesimama, na ndipo nikagundua kejeli ya maisha yangu: nilikuwa nayala maini yote na kufuta sahani. Nguo zilizonitosha ziliacha kunitosha. Na harufu? Harufu ilikuwepo. Ila asubuhi moja kwenye treni mtu alipiga chafya kubwa, na nilipoinua macho nikaona kwamba nimesoma ukurasa mzima tangu kituo kilichopita. Ndiyo hiyo tu. Ukurasa mmoja. Nimejaribu mara nyingi kuandika kuhusu furaha na sijapata mfano mwingine ulio bora kuliko ule ukurasa, ambao ulikuwa unahusu bei za karafuu.

Hata hivyo majira ya joto yalipokaribia nilikuwa nimekata shauri kuviacha vidonge. Nilikuwa na hoja tena, na tena ilikuwa nzuri. Dawa, nilijiambia, haijaniponya, imeniondolea haya tu. Zamani nilikuwa mtu anayenuka na kuona aibu, na sasa ni mtu anayenuka asiyeona aibu, tena mnene. Mazoea ya kujimwagia ile dawa ya kahawia yalikuwa yamebaki, kama ambavyo mtu aliyeacha kuogopa wezi bado anafunga mlango kwa makufuli yote, na asubuhi Shangazi alikuwa bado ananisubiri kwenye korido na chetezo. Kama sinuki, huo udi ni wa nini? Pua moja tu duniani niliiamini, na ilikuwa ya mwanamke ambaye, ukiiacha ile damu, hakujua kusema uongo. Nilijua sharti la daktari. Niliamua kwamba mitihani ikiisha nitalivunja. Nitamuuliza Shangazi uso kwa uso, na akisema nanuka, nitavitupa vidonge chooni, nitarudi Unguja, nitajifungia chumbani kwa mama yangu mpaka kufa. Niliipanga safari hiyo kwa utulivu. Nilijua mpaka kanga nitakazochukua.

Mitihani haijaisha Shangazi akaanguka kazini. Ilikuwa utumbo, umejifunga, na walimpasua siku ile ile. Alipozinduka alikuta wamemtolea utumbo ubavuni na kumwekea mfuko wa kupokea choo, wakamweleza kwamba ni wa muda tu, atakuwa nao miezi kadhaa. Tulimwona mara moja, bado amelewa dawa. Tulipokwenda mara ya pili nesi alitupokea mlangoni mwa wodi akasema samahani, mama ameomba asitembelewe. Pazia la kitanda chake lilikuwa limefungwa pande zote. Tuliwaona wanawake wa Jumamosi nao wakigeuzwa, na vibakuli vyao vya uji mkononi, wamekasirika. Salma alikwenda tena peke yake, akageuzwa, akarudi akalia jikoni huku akikata vitunguu ili aweze kusema ni vitunguu. Alisema mama yake amemwambia nesi kwamba hataki mtu amsogelee kwa sababu ya ule mfuko. Nilijua habari ya mapazia kuliko mtu yeyote katika nyumba ile.

Simu ya nyumbani ilikuwa kwenye korido, juu ya kimeza, pale pale nilipozoea kufukizwa. Ililia mchana, nikiwa peke yangu na vitabu vyangu. Nikainua.

"Uko na nani?" akauliza Shangazi. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

Nikamwambia niko peke yangu.

"Salma hayuko kwenye ngazi anasikiliza?"

"Yuko skuli, Shangazi."

Nikasikia vyombo vya wodi vikigongana. Kisha akaniambia kwamba jana Salma amempigia simu na kumfokea, yeye, mama yake mzazi, akiwa na nyuzi tumboni. Amemwambia kwamba sasa amekuwa kama mimi. "Nikamuuliza kama yeye vipi. Akanieleza. Kwa Kiingereza chote, lakini nilifahamu." Akavuta pumzi. "Mwaka mzima uko ndani ya nyumba yangu, unadhani unanuka, na hukuniuliza miye."

Nikakaa kwenye ngazi. Nilimwambia ukweli, kwamba niliogopa, kwa sababu yeye haongopi.

"Siongopi," akasema. "Basi nisikilize. Ulikuwa unanuka."

Lile ndilo neno ambalo nilikuwa nimelikimbia kwenye treni, kwenye maktaba, kwenye zulia la Barking. Niliushika ukingo wa ngazi nikisubiri ile barafu ishuke tumboni. Nikasubiri. Mlangoni jua lilikuwa linaingia kupitia kioo, viatu vya Salma vimetupwa ovyo chini yake, na mimi nikawa navitazama, kimoja kimelala ubavu. Hakikushuka kitu. Nilikuwa mtu aliyeambiwa kwamba ananuka na ambaye bado amekaa kwenye ngazi, na nilichokuwa nacho kichwani ni udadisi tu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Hapo ndipo nilipojua vidonge vile vilikuwa vinafanya kazi gani mle ndani yangu. Sikuvitupa chooni, wala sikuviacha mpaka daktari wa Kisumu aliponipunguzia mwenyewe, kidogo kidogo.

"Nikinuka nini, Shangazi?"

"Ile dawa. Ya kahawia. Ile wanayopigia deki vyoo vya hospitali. Ukishuka ngazi asubuhi macho yangu yanachonyota, chai yangu inakuwa na ladha yake. Nikasema mtoto wa kaka yangu ana maradhi ya ngozi anayaonea haya, nisimfedheheshe, nitamtilia udi kimya kimya aende kwa watu vizuri. Udi wangu wote wa Muskati umekwishia kwenye dawa yako ya choo."

Nilianza kucheka na sikuweza kusimama. Yeye akaanza pia, kisha akaniomba nisimchekeshe, ameshonwa, na nikasikia anaguna kwa maumivu na bado anacheka. Kicheko kilipotuisha, nilijua hakuwa amepiga simu kwa ajili yangu.

"Nina huu mfuko," akasema.

"Najua, Shangazi."

"Manesi wananiambia hakuna kitu. Ndiyo kazi yao kusema hakuna kitu. Salma atasema hakuna kitu kwa sababu nimemzaa." "Weye umeonja hali hii. Njoo uninuse. Udi usiulete. Uninuse hivi hivi, kisha uniambie."

"Na kama unanuka?"

"Utaniambia kama nilivyokwambia."

Nikamwambia nitamwambia, na kwamba nakuja sasa hivi.

"Kaoge kwanza," akasema. "Kwa maji matupu." Akakata simu.